Neno "Mhuni" na Habari za Rangi katika Mji wa Dar es Salaam

Asili ya neno "mhuni" si mwizi wala mnyang'anyi. Ni mtu wa kutangatanga, asiye na maskani wala jamaa wa kumdhamini. Jinsi neno hilo lilivyokuja kubeba maana ya mhalifu, tena mhalifu mweusi, ni habari inayostahili kuchunguzwa. Kwani ndani yake limefichwa jambo ambalo watu wa mji waliona taabu kulisema waziwazi.

Katika zama za Waingereza mji uligawanywa sehemu tatu. Kanuni za ujenzi hazikutaja rangi ya mtu, bali namna ya nyumba: mahali pa nyumba za Kizungu, mahali pa maduka, na mahali pa nyumba za Kiafrika. Wakazi hawakudanganyika. Waliziita Uzunguni na Uhindini, na Kariakoo ikajulikana kuwa ya Waafrika, ikitengwa na uwanja wa Mnazi Mmoja.

Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mjini watu wasiotakiwa, nayo iliwalenga wenyeji, yaani Waafrika. Asiyekuwa na kazi ya kudumu aliweza kurudishwa wilayani kwao. Katika misako watu walidaiwa stakabadhi za kodi, na waliokamatwa wakasafirishwa makwao. Wengi wakarudi tena. Kukosa kazi si kuua mtu, wala si kuvunja nyumba usiku. Lakini yote yalitiwa kapu moja, na kapu hilo likaitwa uhuni.

Kosa hilo lilileta hasara mbili. Kwanza, kijana mwenye njaa alihesabiwa mhalifu kabla ya kutenda lolote. Pili, Mwafrika aliyeibiwa au kupigwa katika mtaa wake alisahauliwa, kwa sababu katika mazungumzo ya wakubwa Mwafrika alikuwa mwenye kuogopwa, si mwenye kudhulumiwa. Basi hofu ya rangi ilichukua mahali pa uchunguzi wa kosa.

Mwezi wa Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Julius Nyerere alikataa katakata, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia wa kupimwa kwa rangi. Hapo jambo lilisemwa hadharani, likajibiwa hadharani. Lakini neno "mhuni" halikujadiliwa namna hiyo, lilirithiwa lilivyo. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvukazi, watu wasio na kazi walisakwa tena katika mitaa ya Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Sheria haikutaja rangi yoyote, na waliokuwa wakiamuru hawakuwa wageni. Hata hivyo desturi ilikuwa ile ile, ya kumtuhumu maskini kwa hali yake.

Mji umekwisha kuenea mpaka Temeke, Kinondoni na Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, na ile mipaka mitatu ya zamani haina nguvu tena kisheria. Neno lakini limevuka mipaka yote. Panapotokea ujambazi, yafaa kuuliza nani ametenda, ametenda nini, na nani ameumizwa. Anayejibu maswali hayo kwa neno "wahuni" peke yake hajataja kosa wala mkosaji. Ametaja aina ya watu, nao walioumizwa hubaki bila haki.