Neno la Wiki: Arbuni

Nyumba ikigombewa na wanunuzi watatu, dalali haulizi bei tu. Huuliza nani ataweka pesa mezani leo. Pesa hiyo ya kumfunga muuzaji ndiyo arbuni, ingawa mitaani wengi husema "kianzio", na wenye utani huiita "kishika uchumba".

Kiswahili kililichukua neno hili kutoka Kiarabu, *arabun*. Lina ndugu katika Kiebrania na Kigiriki cha kale, kwani wafanyabiashara wa Mediterania walilitumia karne nyingi kabla ya Uislamu.

Mfano wake mashuhuri ni wa nyumba. Zama za Khalifa Umar, mwakilishi wake Makka, Nafi' bin Abdul-Harith, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya iwe gereza, kwa dirhamu 4,000. Inasimuliwa kuwa walipatana hivi: Umar akiridhia, biashara imekwisha, asiporidhia, Safwan abaki na dirhamu 400. Mafakihi wamebishana tangu hapo. Wahanbali wanaikubali arbuni, huku wengi wa madhehebu mengine wakiikataa, kwa kuwa muuzaji hula pesa bila kutoa kitu.

Nchini Kenya, mnunuzi wa nyumba kwa kawaida hulipa asilimia 10 ya bei anapotia saini mkataba.

Anayetaka kuwapiku wenzake kwa arbuni kubwa afanye kwanza upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, kisha adai maandishi yanayosema wazi lini pesa hiyo itarudi na lini haitarudi.