Vumbi Ndani ya Klachi

Trekta ya Ferguson TE20, ile ndogo ya kijivu iliyoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, haina chasisi. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zimefungwa kwa bolti, moja nyuma ya nyingine, na hizo zenyewe ndizo uti wa mgongo. Mpango huo uliifanya iwe nyepesi, na zaidi ya nusu milioni zilitengenezwa. Lakini klachi ikiisha, ndipo utajua gharama yake: huifikii mpaka uikate trekta vipande viwili. Unategemeza mbele kwa magogo, nyuma kwa jeki, unafungua bolti, kisha watu wawili watatu wanavuta nusu moja irudi nyuma. Massey Ferguson 35 na 135 zilizokuja baadaye ni vivyo hivyo.

Fundi mwenye busara haanzi kwa kukata. Injini ikinguruma na trekta haipandi mlima, huangalia kwanza pedali. Kama haina nafasi ya kucheza, huenda inataka kurekebishwa tu. Nafasi ikiwapo na bado klachi inateleza, basi hakuna njia ya mkato. Ndani utakuta bamba la duara lenye laining pande zote mbili, limegongewa ribiti, na springi zinalibana kwenye flaiwili. Laining ikiisha hadi ribiti zikatokeza, chuma kinakwangua chuma. Na kila kona kuna vumbi, laini, la kijivu cheusi. Fundi anachukua bomba la upepo, anapuliza. Fuu! Safi.

Vumbi hilo lina historia ndefu kuliko trekta yenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza Herbert Frood aliwaona waendesha mikokoteni wa milima ya Derbyshire wakifunga viatu vikuukuu kwenye breki za mbao ili mizigo isiwashinde kwenye miteremko. Ujanja wa jua kali hasa, ila wa Uingereza. Mwaka 1897 akaanzisha biashara ya kutengeneza kitu bora kuliko kiatu, na baadaye ikaitwa Ferodo: herufi za jina lake, pamoja na E ya mkewe Elizabeth. Mwanzoni alitumia pamba. Pamba ikawa inaungua kadiri magari yalivyoongeza kasi. Akageukia asbesto, jiwe linalofumika kama uzi na lisiloshika moto.

Katikati ya miaka ya 1920 Ferodo ikaingia mikononi mwa Turner & Newall, kampuni kubwa ya asbesto. Nayo ilikuwa ikichimba jiwe hilo Afrika: Shabani huko Rhodesia, na kuanzia 1939 Havelock huko Swaziland, ambako mizigo ilining'inia kwenye kebo ikavuka milima kilomita 20 hivi hadi Barberton, Afrika Kusini.

Jamani, walijua. Nellie Kershaw, aliyesokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers mjini Rochdale, alifariki 1924 akiwa na miaka 33, mapafu yamejaa makovu. Kampuni ilikataa kumfidia. Daktari William Cooke aliandika kisa chake katika jarida la madaktari mwaka huohuo. Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali wakatoa ripoti, na 1931 sheria ya kudhibiti vumbi ikapitishwa. Sheria ya kiwandani. Mtu wa gereji, anayelifungua vumbi hilohilo miaka kumi baadaye chini ya mwembe, hakutajwa. Trekta za Coventry zilisafiri na kitabu cha maelekezo. Onyo la 1931 halikupanda meli.

Watetezi wa laining hizo walisema joto la msuguano huzibadilisha nyuzi. Ni kweli, nyingi hubadilika. Si zote. Na fundi anayekata laining mpya, akaitoboa, akaipiga msasa ili ikae sawa, anatoa nyuzi zikiwa nzima. Madhara yake huja baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati ambapo hakuna anayekumbuka klachi ya nani. Ndiyo maana watu husema eti mzee alikuwa na kifua tu.

Uingereza ilipiga marufuku aina ya mwisho ya asbesto 1999. Trekta za zamani bado zinalima.

Kwa hiyo ukiikata yako, weka lile bomba la upepo chini. Mwagia maji nyumba ya klachi taratibu, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, kitie kwenye mfuko wa plastiki ukifunge, kisikaushwe jikoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Dukani, kabla ya bei, uliza laining imetengenezwa kwa nini, na ile ya zamani iliyokaa rafuni tangu enzi iache hapohapo. Kisha angalia uso wa flaiwili: kama ribiti zimeuchimba mifereji, ipeleke kwa fundi wa leithi kabla hujafunga bamba jipya, la sivyo utaikata trekta tena mwakani.