Zebaki Mwilini: Funzo la Nairobi la Mwaka 1972

Leo tunazungumza juu ya zebaki, yale madini ya majimaji yanayong'aa ndani ya kipimajoto cha zamani. Huenda umewahi kuambiwa, pale River Road au karibu na kwako Kangemi, kwamba kuna vidonge vya kusafisha mwili na kuondoa zebaki. Kabla hujafungua mkoba, sikiliza yaliyotokea katika jiji letu hili.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za watu wazima 60 waliougua figo. Katika ugonjwa huo, figo hupitisha protini ya mwili kwenye mkojo, na mgonjwa huvimba uso na miguu. Walipoulizwa, ilionekana kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miongoni mwa wanawake, walikuwa 7 katika kila 10.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Lakini haiishii kwenye ngozi. Hupenya hadi kwenye damu na kujikusanya katika figo. Kwa mama mjamzito, huweza kumfikia mtoto tumboni.

Je, wagonjwa wale walipona? Kati ya waliofuatiliwa, karibu nusu walipata nafuu, wengine kwa kuacha krimu tu. Mwili wenyewe huitoa zebaki ya aina hii polepole kwa mkojo na choo. Kama hakuna nyingine inayoingia, hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi 1 hadi 2 hivi. Ni kama nyumba inayovuja: ukichota maji bila kuziba paa, utachota hadi asubuhi.

Ni kweli kwamba ziko dawa zinazonasa madini mazito na kuyatoa kwa mkojo. Ya kwanza ilitengenezwa Oxford, Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili kuwaokoa watu kutokana na gesi ya sumu yenye aseniki. Baadaye zilipatikana nyingine. Lakini hizi ni dawa za hospitali. Hutolewa baada ya vipimo kuthibitisha sumu, na daktari humchunguza mgonjwa siku zote za matibabu, kwa maana baadhi yake hunasa pia madini ambayo mwili unayahitaji.

Mwaka 2005, huko Pennsylvania, Marekani, mvulana wa miaka 5 alichomwa dawa ya namna hii kwa tumaini la kumtibu usonji. Kalsiamu katika damu yake ilishuka mno, moyo ukasimama, akafa. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilizionya kampuni zilizouza bidhaa za kunasa madini bila cheti cha daktari. Ilisema hazikuwa zimethibitishwa kuwa salama wala kuwa zinafanya kazi.

Hapa Kenya, vipodozi vyenye zebaki vilipigwa marufuku na Shirika la Viwango, KEBS, mwaka 1998. Mwaka 2011 wajumbe wa mataifa walikutana hapa Nairobi kujadili mkataba wa dunia juu ya zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuitwa Mkataba wa Minamata. Hata hivyo, marufuku haimalizi magendo.

Basi mama, ufanye nini?

Soma kibandiko. Ukiona maneno "mercury", "mercuric" au "calomel", usinunue. Ukionywa krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini, iache pia. Isiyo na orodha ya vilivyomo, usiiamini.

Ikiwa umekuwa ukiitumia, acha leo. Osha mikono, taulo na mashuka, kwa sababu mtoto huweza kuipata kwa kukushika.

Ukiona uvimbe wa uso au miguu, au mkojo wenye povu, nenda hospitali na uchukue ile krimu pamoja nawe. Mweleze daktari bila haya. Usimpe mtoto kidonge cha kuondoa sumu kwa ushauri wa muuzaji.

Mama, anza kwa kuziba paa. Kazi ya kuchota maji mwachie daktari.