Boriti za Mikoko na Elimu ya Matope

Msafiri aliyezizoea nyumba za kale za Lamu, kisha akajaliwa kuingia katika nyumba za zamani za Kuwait au Bahrain, atastaajabu kukuta huko pia vyumba virefu vilivyo vyembamba, wala sababu yake si uhaba wa ardhi wala ubahili wa mjenzi, bali ni urefu wa mti: dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haikufaa kuvuka nafasi iliyozidi sana mita 3, upana wa chumba, huku na ng'ambo ya bahari, ulikadiriwa na mti uliomea katika matope ya pwani yetu.

Biashara hiyo ina umri mkubwa. Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, alipoueleza mji wa Siraf katika Ghuba ya Uajemi, alitaja kwamba majumba yake yalijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani pwani yetu hii. Karne nyingi baadaye majahazi yalikuwa yangali yakishuka na kaskazi, yamechukua tende, chumvi na mazulia, na kusi ilipoanza kuvuma yakarejea yamesheheni boriti zilizouzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alikuwamo katika jahazi la Kuwait la Nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi lilipoingia katika delta ya Rufiji kupakia shehena hiyo, na kitabu chake kimehifadhi habari za joto, mbu na mashaka ya kazi ile.

Wakataji wenyewe, wa Rufiji na wa visiwa vya Lamu, aghalabu hawakuandika kitabu, walakini ilimu yao haikuwa haba. Walijua kwamba mlilana husimama mbele ukitazamana na mawimbi, mkoko na msinzi hufuata penye tope laini, mkandaa hupenda mahali palipoinuka kidogo, na mchu huvumilia chumvi kali ya nyuma kabisa, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Walijua mti gani hutoa mataruma ya chombo, na gome lipi hutia ngozi rangi na uimara. Na mti wa kuuza waliupima kwa unene, wakatenga fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila daraja kwa bei yake.

Hapa naona kiini cha historia hii yote. Mnunuzi wa boriti alihitaji mti ulionyooka, wa unene maalumu. Mche mchanga haukumfaa, wala mti mzee uliopindapinda, na kwa hivyo msitu ulibakiwa na wazazi wa kuuzaa upya. Sisemi kwamba shoka lile halikudhuru, maana panapochaguliwa minyofu pekee miaka nenda miaka rudi, hubaki mipogo mingi. Lakini msitu uliendelea kuwa msitu.

Serikali za kikoloni zilitambua thamani yake mapema: Wajerumani waliiweka mikoko ya Rufiji chini ya hifadhi mwaka 1898, ijapokuwa wao wenyewe walisafirisha magome yake kwa viwanda vya ngozi, na Kenya ikatangaza mikoko yake kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kisha utajiri wa mafuta ukaleta chuma na saruji katika Ghuba, haja ya boriti ikapungua, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje.

Dhara kubwa lilitoka kwingine. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kuwa kuni za viwanda, na tanuri halichagui mnyofu wala mpogo. Palibaki uwanja mtupu wa tope, nao haukuota tena wenyewe. Maana mizizi iliyokuwa ikituliza mawimbi na kukamata mchanga ilikuwa imekwisha, na miche iliyoletwa na maji ilichukuliwa na maji yale yale. Ndipo ilipodhihiri faida ya wataalamu waliojitolea kuzama matopeni pamoja na wanakijiji. Mwaka 1991 upandaji ulianza Gazi, ukiongozwa na James Kairo, na mwaka huo huo Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitimiza mpango wa kwanza wa kusimamia mikoko yote ya Tanzania Bara. Wakathibitisha kwamba kamba na samaki wengi hulelewa katika mizizi ile, na kwamba tope lenyewe huweka akiba ya kaboni kwa karne nyingi. Kwa hoja hiyo ya kaboni, tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, hupokea fedha kwa kuhifadhi hekta 117, nazo zimenunua vitabu vya shule na kuleta maji safi.

Rufiji, yenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki, haijafikia hapo. Kaskazini mwa delta, ambako maji ya mto hulipunguzia tope chumvi, wakulima hufyeka mikoko wapande mpunga, na baada ya miaka michache magugu huwashinda, wakafyeka kwingine. Kuwafukuza kwa amri, pasipo kuwashirikisha katika pato la msitu kama walivyoshirikishwa wenzao wa Gazi, naona si haki, wala hakutaurudisha mkoko hata mmoja.