Kima, papa na watoto wa Katumba

Unakikumbuka kisa cha kima na papa? Kima yuko juu ya mkuyu, anamrushia papa matunda mpaka wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Katikati ya bahari akamwambia ukweli: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema moyo ameuacha mtini. Akarudishwa, akapona. Askofu Edward Steere alikichapa mwaka 1870, ingawa asili yake ni hadithi za kale za India.

Wengi hukichukua kama onyo: usimwamini asiye wa kwenu. Mimi naona vingine. Mmoja wa mtini, mwingine wa majini, na walielewana vizuri tu. Kilichowatenganisha ni amri ya sultani.

Sasa twende Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Baada ya mauaji ya 1972 nchini Burundi, maelfu ya Wahutu walikimbilia Tanzania. Wengi wakapewa mapori wayafyeke: Katumba, kwenye reli hiyohiyo, kuanzia 1973, na Mishamo mwishoni mwa miaka hiyo ya 70. Wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Watoto wao wakasoma kwa Kiswahili na kwa mtaala wa Tanzania, sawa na watoto wa Mpanda mjini.

Tatizo lilikuwa karatasi. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali. Na mtoto aliyezaliwa Katumba, asiyeijua Burundi, naye aliitwa mkimbizi. Mwaka 2007 serikali ilifungua mlango wa uraia, na kufikia 2010 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuwa wamekubaliwa. Lakini vyeti vilisubiri mpaka 2014, kwani mpango wa awali ulitaka kwanza wahame, wasambazwe mikoa mingine. Yaani ili uwe Mtanzania, uwaache kwanza majirani uliokua nao! Mpango huo uliwekwa kando, wakaruhusiwa kubaki. Wakati huo Mpanda ilikuwa tayari ndani ya Mkoa mpya wa Katavi, ulioanzishwa 2012.

Jamani waandishi wa hadithi za watoto, habari ndiyo hii. Tumezoea watoto wa makabila mawili wanaochukiana, mmoja anazama mtoni, mwenzake anamwokoa, basi wanapendana. Hapo mtoto anafundishwa kwamba ubaya wote umo moyoni mwa watoto wenzake. Mwandikieni na kibali. Mtoto wa miaka 10 anaelewa kabisa maana ya rafiki yangu haruhusiwi kuja kwetu, na atauliza ni nani aliyekataza. Swali hilo ndilo kima hakupata nafasi ya kumuuliza papa.