Tyubu za Unguja
Televisheni ya rangi ilifika Unguja miaka ya 1970, wakati Bara hawakuwa na kituo hata kimoja. ITV ya Dar es Salaam ilianza 1994. Basi sisi mafundi wa Mji Mkongwe tumezeeka na tyubu za picha za TV. Hewa ya chumvi na vumbi viliganda kuzunguka kile kifuniko cha mpira kinachopitisha volti 25,000 hivi, na TV ikizimwa umeme hubaki ndani ya tyubu. Unapenyeza bisibisi iliyofungwa waya wa athi chini ya mpira, unasikia “ta!”, ndipo unashika kitambaa chenye spiriti kusafisha. Picha ikififia, mafundi wengine walipandisha umeme wa hita ya tyubu kupita volti 6.3 za kawaida. Mwanga ulirudi kweli, lakini tyubu ilikufa upesi. Mimi sikuipenda dawa hiyo.