Kiingilio na Tunzo: Hadhira ya Karisi huko Walikale

Historia ya sanaa za maonyesho huandikwa mara nyingi kwa kuwatazama watunzi na waigizaji, na hadhira huachwa nyuma. Hata hivyo, namna hadhira inavyolipa hueleza mengi kuhusu uhusiano wake na fanani. Makala haya yanalinganisha njia mbili za kulipa: tiketi ya kusimama, kama ijulikanavyo London, na tunzo, kama ilivyotolewa na Wanyanga wa Walikale, katika Kivu ya Kaskazini.

Katika Globe, ukumbi uliojengwa mwaka 1599, aliyelipa peni moja aliingia uani na kusimama mbele ya jukwaa, bila paa juu yake. Aliyetaka kuketi orofani aliongeza peni nyingine. Utaratibu huo umehuishwa katika Globe mpya iliyofunguliwa mwaka 1997. Mwenye tiketi ya kusimama hana nambari ya kiti: awahiye ndiye apataye mahali pa mbele, na haruhusiwi kuketi chini mchezo ukiendelea. Tiketi hiyo humfungulia mlango mtu mwenye fedha kidogo, lakini papo hapo humwonyesha daraja lake. Tena, deni lake huisha mlangoni: mchezo uwe mzuri au mbaya, bei ni ileile.

Huko Walikale hapakuwa na mlango. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ubelgiji, alishughulikia kuandikwa kwa utendi wa Mwindo kutoka kinywani mwa Candi Rureke, kazi iliyochukua siku 12. Aliuchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Rureke alikuwa she-karisi, yaani bingwa wa tendi ziitwazo karisi. Alisimulia, aliimba, aliigiza na kucheza, huku vijana wakigonga kipande cha mti mkavu kwa vijiti na kuitikia nyimbo zake. Waliohudhuria walimshangilia na kumtunza kwa zawadi ndogondogo, utendaji ukiwa unaendelea.

Hapa ndipo tofauti inapodhihirika. Tunzo haikununua mahali pa kusimama wala pa kuketi. Ilikuwa jibu la hadhira kwa kile ilichokwisha kusikia, na kichocheo cha kile kitakachofuata. Rureke alieleza kwamba hakuwahi kabla ya hapo kuutamba utendi mzima kwa siku mfululizo. Kwa desturi zilitambwa sehemu tu. Kwa hiyo, utendi kamili tuusomao leo nao ni tunda la hadhira ya aina yake, hadhira iliyotaka kila kitu na iliyokuwa na kalamu mkononi.

Jambo hili si dogo kwa wanafunzi wa fasihi simulizi. Tangu mapigano yaliyozuka Ntoto, katika eneo la Walikale, mwaka 1993, vita vya mara kwa mara vimewahamisha watu wengi kutoka vijijini mwao. Kitabu kimeyahifadhi maneno ya fanani. Lakini hakuna kitabu kiwezacho kuihifadhi hadhira iliyojua wakati wa kuitikia na wakati wa kutunza. Atakayetaka kuipeleka karisi ukumbini na kuiuzia tiketi, basi, hana budi kujiuliza kwanza: je, anawaalika watu washiriki, au anawauzia mahali pa kutazamia tu?